Sindano namba gani na uzi gani kwa kufuma esharpe (skafu ya shingo) nyumbani? (niko Bukavu)

Furaha_Nguba

Jambo ba mama, ba dada, na ba kaka kama muko humu. Niko Bukavu, huku Nguba, nilianza kujifunza kufuma na sindano mbili tangu mwezi wa pili na sasa nimefika mahali nimekwama kabisa, njo maana naandika hapa.

Nataka nimalize esharpe tano mbele ya mwezi wa sita. Munajua vile kwetu kunakuwaka, mvua ikikatika vumbi inaanza, muchana jua kali lakini asubuhi baridi inatoka ku ziwa inakuingia mpaka mu mifupa, na mama yangu anatoka nyumbani saa kumi na moja giza bado iko, shingo wazi, kila mwaka wakati ule anakohoa mpaka mwezi wa tisa. Ya kwanza ni yake. Ingine nne ni za wadogo zangu.

Sasa shida ni hii. Sindano nilizipata ku balo (soko ya mitumba) pa Kadutu, za chuma, rangi ya kijivu, ndefu, ku kichwa kumeandikwa 8. Jirani akaniambia 8 ni kubwa, tafuta uzi munene. Nikanunua peloti tatu za uzi munene, bluu ya kukaribia nyeusi, kwa mama mwenye anauza vifungo na zipu, etiketi zilikuwa zimeshatoka. Nikaweka mafundo 40 vile nilionyeshwa, nikafuma jioni tatu, sehemu kubwa na buji (mushumaa) juu umeme haikukuwa. Leo asubuhi nimeitandika ku meza pa dirisha nikahesabu mafundo, nikapata 57. Chini iko sentimita 20, juu inakaribia 30. Nimehesabu mara tatu. Tena ni ngumu, ukiikunja haikunjike, na vidole vyangu vinauma juu kila fundo nalisukuma kwa nguvu.

Naomba munisaidie: nibadilishe sindano ao nibadilishe uzi? Sindano ya chuma na ya mbao gani ni nzuri kwa mutu anaanza? Lene ya kweli ao akriliki? Peloti ngapi zinatosha esharpe moja? Na haya mafundo 17 yametoka wapi?

Kito_Himbi

Dada Furaha jambo, miye niko Goma, nafuma tangu niko na miaka 14, tate yangu njo alinifundisha.

Mbele ya kununua kitu chochote pima hizo sindano zako. Chukua lati ya mutoto wa shule, lalisha sindano zote mbili pamoja ku meza zikigusana bila nafasi, kiisha pima upana wa zote mbili pamoja na ugawe kwa mbili. Pima katikati ya sindano, usipime ku ncha.

Nakuambia hivi juu namba 8 inadanganya watu wengi. Sindano za kwetu zenye zinakuja na etiketi ya Kifaransa zinahesabiwa kwa milimita, 8 ni milimita 8. Lakini zile za balo nyingi zinatoka Uingereza ao Marekani na kila mumoja alikuwa na hesabu yake. Ile ya zamani ya Waingereza namba ikipanda sindano inapungua, kwao 8 ni milimita 4, na 10 ni 3,25. Ya Wamarekani inapanda pamoja na unene kama kawaida lakini haifanane na milimita, 8 yao ni milimita 5. Kwa hiyo 8 moja inaweza kuwa sindano tatu tofauti kabisa. Kama umefuma uzi munene na sindano ya milimita 4, ule ugumu na maumivu ya vidole ni pale vinatoka, haikuwe kosa la mikono yako.

Pima kwanza utuambie.

MamaZawadi_Kadutu

Mutoto wangu Furaha, nimesoma yote. Kaka Kito amesema vizuri juu ya sindano, miye nitaanza na yale mafundo 17 juu usipoyaelewa hata nikupe sindano ya dhahabu yatarudi tu.

Yanatokea mahali mbili. Ya kwanza ni mwanzo wa safu. Ukigeuza kazi, uzi unapashwa kuning'inia chini, mbele ya sindano, halafu unaupitisha chini ya ncha kwenda nyuma. Wenye kuanza wote wanafanya hivi: wanageuza, uzi wanauvuta juu, unapanda mugongoni mwa sindano kwenda nyuma. Sasa angalia vizuri, ukiuvuta vile lile fundo la kwanza linasimama na miguu yake yote mbili juu, linaonekana kama mafundo mbili. Unafuma mbili. Umeongeza moja na haukujua. Chukua sindano sasa hivi, fanya makusudi, uvute uzi juu uone, kiisha uurudishe chini uone vile linarudi kuwa moja. Ukishaliona na macho yako haiwezi kukupata tena.

Mahali pa pili ni ule uzi wako. Bluu ya kukaribia nyeusi, na buji! Binti yangu, hata miye na miaka yangu yote sifume rangi nyeusi usiku. Ncha ya sindano inaingia katikati ya uzi, inaupasua, nusu inabaki huku nusu huku, safu inayofuata unazikuta mbili unafuma zote. Uzi wenye haukusokotwa sana unapasuka sana. Upime hivi: shika kipande mu vidole, kizungushe upande wa kukifungua, kama nyuzi ndogo zinaachana mara moja basi huo si uzi wa kujifunzia. Kwa esharpe ya kwanza tafuta uzi umesokotwa vizuri, laini bila manyoya, rangi ya mwangaza, krimu ya giza kidogo, kijani ya majani mabichi, rangi ya chungwa. Nyeupe hapana, vumbi ya mwezi wa saba unaijua.

Na hesabu. Kila safu ya kumi simama hesabu mafundo. Kama ni sawa, chukua uzi mwembamba wa rangi ingine, uupitishe na sindano ya kushonea ndani ya mafundo yote vile yako ku sindano, uuache mule, kiisha endelea. Ukikosea mbele, unafumua mpaka pale tu, ule uzi unashika kila kitu. Miye nafanya hivyo mpaka leo kwa kazi ya kuuza.

Sasa uzi wenyewe. Huku kwetu kila uzi wa kufuma tunaita lene hata kama ni akriliki tupu, kwa hiyo usitumainie jina, soma etiketi. Etiketi nzuri iko na uzito, gramu 50 ao 100, iko na kapicha ka sindano mbili na namba ya milimita pembeni, na kako kadirisha ka santimita 10 kwa 10 kenye kanakuambia mafundo ngapi yanaingia mule. Kuko tena namba ya rangi na namba ya bafu yenye rangi ilichemshiwa. Hiyo ya bafu njo watu wanaisahau. Peloti mbili za rangi moja bafu tofauti, mu duka zinafanana, ukishafuma unaona mustari katikati ya esharpe. Nunua zote siku moja, na kama etiketi haiko toka nazo nje ya duka uziweke sambamba mu jua.

Kwa wingi: esharpe ya mutu mukubwa, upana santimita 20, urefu mita moja na nusu, uzi wa kati, hesabu gramu 200. Uzi munene unaweza kupita pale. Za watoto gramu 100 mara nyingi zinatosha. Zile peloti zako zipeleke tu kwa mutu wa mizani ya sukari akupimie.

Na kama makuta ni kidogo, nenda ku balo ununue triko (sweta), si peloti. Triko moja kubwa ya mwanaume inakupa uzi wa esharpe na inabaki. Lakini mbele ya kulipa uigeuze, uangalie ndani pale mikono inaungana na kifua. Ukiona ukingo umekatwa na mashini imeuzungushia uzi wa zigizagi, uache, ukifumua utapata vipande vifupi-vifupi vya safu moja-moja. Unatafuta ile yenye ukingo wake ni mzima, imeunganishwa na mushono kama munyororo, unakata ncha moja tu unavuta mushono wote unafunguka. Halafu unafumua kuanzia juu, unazungushia ku mugongo wa kiti, unafunga mahali nne na kamba ili isijisokote, unaosha na maji ya vuguvugu, unatundika na chupa ya maji imefungwa chini yake mpaka ikauke. Yale mawimbi ya uzi yananyooka. Triko ya namna hiyo mara ingine inakuwa lene ya kondoo kabisa, yenye hapa huwezi kuipata mpya kwa bei ile.

Furaha_Nguba

Kaka Kito, nimepima. Zote mbili pamoja ni milimita 8 kamili, kwa hiyo kila moja ni 4! Na ule uzi nikiukunja mara mbili ni munene kupita sindano.

Mama Zawadi nimefanya vile umesema, nimevuta uzi juu ya sindano na nimeona fundo la kwanza limekuwa miguu mbili. Nilikuwa nafanya vile kila safu, kweli kila safu, nyingine nilikuwa na bahati tu nafuma zote mbili pamoja. Nimekaa pale ku meza nikarudilia mara kumi. Asante sana mama. Nimefumua yote, uzi umekuwa na mawimbi lakini haukukatika.

Swali langu la lene na akriliki bado. Na huu uzi wangu sijue ni nini, etiketi haiko.

YaNaomi_Lushi

Furaha mudogo wangu, ule uzi uuchome. Kata kama santimita 5, ushike na kibano ao pensi, mbali na watoto, juu ya sahani ya chuma, weka kiberiti ku ncha. Lene ya kondoo inanuka nywele zimeungua, moto unazimika karibu wenyewe, inabaki majivu meusi yenye yanasagika mu vidole. Pamba inanuka karatasi na inaacha majivu ya kijivu laini. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi, ikipoa unakuta kitone kigumu kama plastiki. Usiguse kile kitone mbele hakijapoa, kinashika ku ngozi. Zile za mchanganyiko zinatoa vyote viwili, harufu ya nywele na kitone.

Miye huku Lubumbashi nafuma sana akriliki na siiogopi. Mwezi wa sita na wa saba huku usiku inashuka chini ya digrii 10 na watu wanatafuta esharpe, na mwenye ananunua kwangu ataiosha na sabuni ya mche mu beseni moja na nguo zingine, hana muda wa kuibembeleza. Akriliki inavumilia. Lene ya kondoo ukiiweka mu maji ya moto ukaisugua inashikana, inarudi ndogo na nzito kama kofia ya feltri, na hairudi tena. Nimeona dada mumoja analia ju ya esharpe ya mita moja na nusu yenye ilitoka mu beseni na santimita 90.

Ila akriliki iko na adui mumoja, pasi. Nilikuwa nimefuma moja ya rangi ya divai, mistari mbili-mbili, kazi ya wiki mbili, nikaipeleka kwa mutu wa pasi hapa ku kwartye pamoja na mashati. Ikarudi imelala, inang'aa, unaivuta inavutika inabaki vile. Akriliki ikipata moto inakufa, kile kinyororo cha ndani kinalainika hakirudi. Ukitaka kuinyoosha, uilowanishe, uitandike ku taulo, uipige vipini pembeni, uiache ikauke yenyewe.

Kwa mama yako mwenye anakohoa, chagua akriliki laini. Kabla ya kulipa uiweke ku shingo, pale chini ya sikio, dakika nzima. Mukono haujue kitu, shingo njo inajua kama uzi unawasha.

MamaZawadi_Kadutu

Ya Naomi, kwa kufua nakubali, kwa baridi hapana. Mama anatoka saa kumi na moja, kuko ukungu, kuko mvua ndogo hata mwezi wa tano. Lene ya kondoo inakunywa maji karibu sehemu moja ya tatu ya uzito wake na bado mwili hausikie baridi, akriliki ikilowa inakaa baridi ku ngozi. Nimevaa zote mbili mu barabara ya kwenda Kabare asubuhi na tofauti si ndogo. Kama Furaha anapata triko nzuri ya balo ya lene, mama afue yeye mwenyewe, maji baridi, sabuni kidogo, asisugue, aikamue ndani ya taulo, aikaushe imelala. Si kazi ya kila siku, esharpe inafuliwa mara mbili tatu kwa msimu.

Lakini kwa watoto akriliki, nasema pamoja naye. Watoto wanapanguza mapua na esharpe.

YaNaomi_Lushi

Haya mama, nimekubali kwa ukungu. Huku kwetu baridi ni kavu, pengine njo tofauti. Ila Furaha uishikilie hiyo ya ku shingo, lene ingine ya balo inawasha vibaya.

Kito_Himbi

Turudi ku sindano juu dada aliuliza chuma ao mbao.

Chuma inateleza, mutu mwenye mukono umezoea anaenda mbio. Kwa mwenye anaanza ile kuteleza njo mbaya, unaweka kazi chini kidogo mafundo sita yametoka. Mianzi ao mbao inashika uzi. Plastiki si mbaya ila nyembamba inajipinda. Na ile desturi ya kufuma na rayo za kinga (vile vyuma vyembamba vya gurudumu la baiskeli) naijua, tate yangu alianzia pale, lakini rayo ya kawaida ni milimita 2, ni ya triko nyembamba ya mutoto mchanga. Esharpe hutaimaliza.

Unene: uzi wa kati, ule etiketi inasema 4, kwa esharpe panda uchukue 4,5 ao 5. Esharpe haihitaji kubana kama soksi, inatakiwa ianguke ku shingo. Uzi munene kama wako anzia 6, kama bado ni ngumu enda 7. Na kama unapata tu uzi mwembamba wa bei nafuu, shika nyuzi mbili pamoja mu mukono ufume kama moja.

Sindano za 6 mukizikosa mu soko, miye nazitengeneza za mianzi. Nachukua mwanzi umekauka vizuri, kipande cha kati ya mafundo yake, urefu santimita 35, napasua, nachonga na kisu mpaka karibu duara. Sasa kupata unene sawa, naenda kwa seremala namuomba atoboe kitundu na meshi (chuma ya kutobolea) ya milimita 6 ndani ya kabao kagumu. Kile kitundu njo kipimo changu. Napiga msasa kidogo napitisha, napiga kidogo napitisha, mpaka kijiti kinapita kuanzia ncha mpaka ncha bila kukwama na bila kucheza. Ncha usiitoe kali sana, itapasua uzi, iwe kama ya penseli imeandikiwa siku mbili. Mwisho msasa laini, kiisha nasugua mafuta ya buji na kitambaa mpaka ingae. Ku kichwa nazungushia kipande cha mpira wa ndani wa kinga ili mafundo yasitoroke. Pitisha kijiti ndani ya soksi ya nailoni, mahali inashika rudisha msasa.

Na hii ya mafundo 40, dada, achana nayo. Kila mutu anaambiwa weka 40, weka 50, lakini hiyo namba haina maana bila kujua uzi gani na sindano gani. Fuma kapande ka majaribio, mafundo 24, safu zote andrua (fundo la kawaida, la upande wa mbele) tu, urefu wa kiganja. Katandike bila kukavuta, weka lati katikati, usihesabu pembeni juu pembeni panajikunja, hesabu mafundo ngapi yako ndani ya sentimita 10. Tuseme umepata 14. Unataka upana wa sentimita 20, basi 14 mara mbili, 28, ongeza moja kila upande, 30. Njo hesabu yote. Hako kapande utakafumua utumie uzi wake. Watu wanaona ni kupoteza jioni moja, lakini wewe umeshapoteza tatu.

Fuma andrua mbele na nyuma, kila safu. Ukichanganya safu moja andrua safu moja anveri (fundo la kinyume, la upande wa nyuma) inatoka nzuri kwa macho kama ya duka lakini esharpe inajikunja pembeni kama karatasi ya sigara na hakuna pasi ya kuinyoosha, Ya Naomi ameshasema. Mistari mbili-mbili ni nzuri pia, andrua mbili anveri mbili, iache ya pili. Fundo la kwanza la kila safu usilifume, lihamishe tu, pembeni panatoka kama kisuko. Na usiifikishe mita moja na nusu ikiwa imelala ku meza, simamia 140, namna hii ya kufuma inavutika chini kwa uzito wake ikivaliwa.

Niko na pea moja ya 6 tayari. Bwana mumoja wa kwetu anapanda boti kuja Bukavu Ijumaa, nikimpa utaenda kuchukua ku bandari?

Furaha_Nguba

Kaka Kito nitaenda, hata saa gani.

Nimechoma uzi. Umeyeyuka, kitone kigumu, ni akriliki. Kwa hiyo nimeamua hivi: huu wa bluu utakuwa wa mudogo wangu wa kiume na nitaufuma muchana tu. Kwa mama nilienda jana Kadutu nikageuza triko karibu ishirini, yule anauza aliniangalia sana. Nimepata moja ya rangi ya asali, ukingo mzima, mushono wa munyororo vile Mama Zawadi alisema, nikaiweka ku shingo nikasimama nayo pale dakika nzima, haikuniwasha. Nyumbani nimechoma kauzi kamoja, harufu ya nywele. Sasa iko ku mugongo wa kiti imefungwa mahali nne, inasubiri kuoshwa.

Furaha_Nguba

Ni miye tena, wiki mbili zimepita. Sindano zilifika, hazishike hata mahali pamoja, asante Kito. Nilianza na kapande ka majaribio, uzi wa triko ulikuwa wa kati tu kwa hiyo nikashika mbili pamoja na sindano ya 6, nikapata 15 ndani ya sentimita 10, nikaweka 32. Niko safu ya 64. Nimeweka uzi mwekundu kila safu ya kumi na kila mara nimehesabu, 32, 32, 32. Jana umeme ilikatika nikaiacha, sikuwasha buji.

Mama ameivaa vile iko, na sindano inaning'inia, akaenda nayo mpaka ku mulango akasimama inje kidogo. Akarudi akaniuliza itamalizika lini. Nafikiri mbele ya tarehe 20 ya mwezi wa tano.

Kito kama unatengeneza zingine nitumie za 5, pea mbili, mudogo wangu wa pili naye anataka kujifunza na hatuwezi kugombania hizi.